Gramu Mia

Tulitoka Nguba saa kumi na moja jioni, watu tisa
na mota moja inayokohoa,
kila mtu na fimbo yake ya kuvulia imeviringwa kitambaa
kama mtoto anayepelekwa kliniki.
Cirhuza fundi wa meno, Ntakwinja wa benki,
mwalimu Kahasha na gunia la viazi vitamu
kana kwamba tunahama,
na Mama Nshobole, mwaka wake wa kwanza,
ameshika fimbo ya marehemu.
Mimi sekretere: daftari, kalamu mbili,
mizani ya kuning'iniza.

Kisiwa kile hakina jina kwenye ramani ya shule.
Mawe, nyasi kali, miti mitatu ya avoka
iliyopandwa na mtu asiyerudi kuchuma.
Baridi ya Kivu haibishi hodi,
huingia kwenye soksi ikakaa.
Kasiksi ikazunguka kwa kikombe kimoja,
na uongo wa mwaka jana ukazunguka nayo,
kila ukipita mkono umenenepa kidogo.

Nyuma yetu Bukavu ilining'inia milimani na taa zake;
kisha umeme ukakatika
na mji mzima ukazama bila kelele.
Zikabaki taa za wavuvi wa sambaza,
mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa kwa miti mirefu,
wakipiga mluzi ili mikono ivute pamoja.
Wao huvua ili watoto wasome.
Sisi tulivua ili tuandikwe.
Hilo sikulisema kwa sauti.

Saa sita. Saa saba. Hakuna.
Ntakwinja alinasa nyasi, akataka zipimwe.
Fundi wa meno alilala mdomo wazi;
tukahesabu mapengo.

Saa tisa usiku fimbo ya marehemu ikapinda.
Mama Nshobole hakupiga kelele.
Alikanyaga jiwe, akalegeza, akavuta, akalegeza,
kama mtu anayebembeleza deni,
mpaka kambale akaja na sharubu zake,
akitukodolea kama mtoza ushuru aliyeamshwa.

Nikamtundika. Tochi tano juu ya mshale wa mizani.
Kilo mbili, gramu mia tisa.

Kimya.
Kila mtu aliujua ukurasa wa kumi na mbili:
Bisimwa, mume wake, kilo tatu kamili,
mwandiko wangu, wino wa bluu,
miaka sita hajapatikana wa kumpita.
Na mimi peke yangu nilijua, au ndivyo nilivyodhani,
kwamba usiku ule nilipomshusha samaki yule
nilisikia kitu kigumu kikigonga ndani ya tumbo,
nikamtazama Bisimwa,
Bisimwa akatazama maji,
nikaandika.

Kidole changu kikasogea kwenye ndoano ya mizani.
Gramu mia ni nini? Mayai mawili.
Ningevuta kidogo tu,
nikawa nimewalipa wote wawili.

"Sekretere, andika vile iko."
Hakuinua macho. Alikuwa anafungua fundo kwenye mshipi wake.
"Ile samaki ya mzee, nani aliipasua? Ni mimi."

Akaniwekea mkononi chubwi lake:
jiwe jeusi, laini,
limetobolewa kwa fundi wa dhahabu, limepitishwa uzi.
Lilikuwa bado na maji ya ziwa.
"Ile siku aliingia nyumba anacheka
sawa kijana mwenye alimaliza mahari.
Miezi ine kisha, tulimuzika.
Hiyo cheko, uiache mu daftari."

Niliandika: Nshobole, kilo mbili na mia tisa.
Kalamu ya kwanza ilikataa, kwa baridi. Nikachukua ya pili.
Kahasha alikuwa anapuliza makaa, anauliza nani ana chumvi.

Mama alilichukua jiwe lake, akalifunga upya,
akaung'ata uzi uliozidi, akarusha.
Tukalisikia likitua mbali, gizani,
lile ambalo kwa miaka sita
lilikuwa samaki.